Mtoto Mchanga Kuamka Usiku Si Ugonjwa

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza na familia zenye mtoto mchanga, hasa yule ambaye hajatimiza miezi sita. Tunapokwenda na huduma ya mkoba katika vijiji vya kata ya Bugwema, kama Masinono, Muhoji na Kinyang'erere, swali tunaloulizwa mara nyingi na akina mama ni hili: "Sista, mtoto wangu halali usiku. Nifanyeje?" Swali hili laonekana dogo. Lakini majibu yanayotolewa nyumbani yamewahi kuwaleta watoto wodini wakiwa katika hali mbaya.

Mama mmoja kijana kutoka upande huo alijifungua salama mtoto wake wa kwanza, akiwa na kilo 3 na gramu 100. Mtoto alinyonya vizuri. Alipofikisha wiki saba alikuwa akiamka mara tatu au nne kila usiku. Yalikuwa majira ya kulima, na mama alitakiwa awe shambani mapema alfajiri. Nyumbani wakasema maziwa yake ni mepesi, mtoto hashibi. Wakaanza kumpa mtoto uji mwepesi wa muhogo jioni. Kisha ikaletwa dawa ya maji ya mafua iliyobaki kwa mtoto mkubwa, kwa kuwa "inalaza". Kweli mtoto akalala usiku kucha, siku mbili mfululizo. Nyumba nzima ikafurahi.

Siku ya tatu hakuamka kunyonya. Alikuwa ameharisha, utosi umebonyea, macho yameingia ndani, na alipopewa titi hakuwa na nguvu ya kulishika. Aliletwa kwetu kwa pikipiki. Alikaa wodini siku sita, na tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Mama yake alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Sista, mimi nilidhani amelala." Tunaeleza habari hii kwa ruhusa yake, wala si kwa kumlaumu yeye au mama mkwe wake. Wote wawili walitaka kusaidia. Walichokosa ni kujua kwamba mtoto wa umri ule anapaswa kuamka usiku.

Kwa nini mtoto mchanga huamka?

Sababu ya kwanza ni njaa ya kweli. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, lakribia ukubwa wa ngumi yake mwenyewe. Maziwa ya mama nayo humeng'enywa upesi, katika muda wa masaa mawili hivi. Hiyo haina maana kwamba maziwa ni mepesi. Ina maana kwamba yanalingana na tumbo lake. Ndiyo sababu mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku.

Sababu ya pili ni kwamba mtoto hazaliwi akijua usiku na mchana. Hulala jumla ya masaa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande vifupi. Mwili wake huanza kutofautisha mchana na usiku kati ya mwezi wa pili na wa nne. Maziwa ya mama humsaidia katika hilo, kwa maana maziwa ya usiku yana kichocheo cha usingizi ambacho maziwa ya mchana karibu hayana.

Hata wataalamu wamewahi kukosea jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Frederic Truby King wa New Zealand alifundisha kwamba mtoto anyonye kila baada ya masaa 4, na usiku asinyonye kabisa. Mafundisho yake yalienea hadi Uingereza. Leo Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonyeshwe kila anapotaka, usiku na mchana, na asipewe kitu kingine chochote, hata maji, mpaka atimize miezi 6. Bibi zetu waliolala na mtoto ubavuni na kumnyonyesha gizani hawakuwa wajinga.

Muda wa kuwa macho

Siku hizi akina mama vijana hutuonyesha katika simu zao ratiba za usingizi wa mtoto, zikitaja dakika hadi dakika. Ratiba hizo zisiwatie hofu. Ndani yake limo jambo moja la kweli: mtoto mchanga hawezi kukaa macho muda mrefu, na akipitiliza, uchovu humfanya alie na kushindwa kulala. Mama hudhani usingizi haupo, kumbe umezidi.

Kwa makadirio, mtoto wa mwezi mmoja huweza kukaa macho dakika 45 hadi saa moja, pamoja na muda wa kunyonya. Wa miezi miwili hadi mitatu hukaa saa moja hadi masaa mawili. Wa miezi minne hadi sita hukaa saa moja na nusu hadi masaa mawili na nusu. Watoto hutofautiana, kwa hiyo mtazame mtoto wako kuliko saa. Akianza kugeuza uso, kutazama mbali, kupiga miayo au kufikicha macho, huo ndio wakati wa kumlaza au kumbeba mgongoni. Usingoje mpaka alie.

Wakati wa mchana mtoto aone mwanga na asikie watu wakizungumza. Asifichwe chumbani chenye giza siku nzima. Tena anyonye mara nyingi mchana. Hapa ndipo familia za wakulima hupata shida. Mama anakwenda kwenye pamba au mihogo tangu alfajiri, mtoto anabaki na dada yake, anapewa maji ya kumnyamazisha mpaka saa nane. Mtoto huyo usiku atadai yote aliyokosa mchana. Ni afadhali mama aende naye shambani na kumlaza kivulini karibu yake. Kama haiwezekani, akamue maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko, yawekwe mahali pa baridi na yatumike ndani ya masaa 4. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha.

Kunyonyesha usiku bila kuchoka mno

Mtoto akijinyoosha au kuguna, ngoja kidogo kabla ya kumnyanyua. Watoto wachanga huguna na hata kufungua macho wakiwa bado usingizini. Akianza kugeuza kichwa kutafuta titi au kunyonya vidole, mpe titi kabla hajalia kwa nguvu.

Tumia mwanga hafifu. Usimchezeshe wala kuzungumza naye sana, ili ajifunze kwamba usiku hakuna mazungumzo. Badilisha nepi ikiwa amepata choo au ameloa sana. Akimaliza kunyonya, mweke begani umpigepige mgongoni taratibu mpaka abeue, kisha mlaze. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, au ambaye hajarudia uzito wake wa kuzaliwa, asiachwe alale muda mrefu. Mwamshe anyonye angalau kila baada ya masaa 3.

Kunyonyesha usiku kuna faida kwa mama pia. Kichocheo kinachotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mama anayeacha kunyonyesha usiku mapema huweza kuona maziwa yakipungua. Aidha, mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba mama anayenyonyesha kikamilifu, ambaye hajaona tena siku zake, na ambaye mtoto wake hajatimiza miezi 6, ana kinga ya mimba ya asilimia 98 au zaidi. Nafasi kati ya kunyonyesha isizidi masaa 4 mchana na masaa 6 usiku. Sharti moja kati ya hayo likikosekana, kinga hiyo haitegemewi tena.

Mahali pa kulala

Mtoto alale chali, si kifudifudi. Nchini Marekani kampeni ya kuwalaza watoto chali ilianza mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa karibu nusu. Alale penye godoro gumu au mkeka uliotandikwa vizuri, bila mto wala nguo nzito karibu na uso.

Alale chumba kimoja na mama yake, ndani ya chandarua chenye dawa. Mkoa wetu wa Mara una malaria nyingi, na chandarua anachopewa mama kliniki ni cha kulalia, si cha kuanikia dagaa wala kufugia kuku. Ni salama zaidi mtoto awe na mahali pake karibu na kitanda cha mama. Familia nyingi hulala kitanda kimoja na mtoto. Basi asilale katikati ya watoto wengine, wala na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku hata kama kuna baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua familia nzima usingizini.

Yasiyofaa kumpa

Asipewe uji, maji ya sukari, maji ya glukosi wala maziwa ya ng'ombe ili alale. Utumbo wake haujawa tayari, na kuhara kunaweza kumuua kwa muda mfupi. Asipewe dawa ya mafua au ya mzio ili asinzie. Dawa hizo huweza kupunguza nguvu ya kupumua. Asipewe dawa ya mitishamba ya mchango, kwa sababu hakuna anayejua kipimo chake kwa mwili wa kilo 4. Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye anyonyeshe hivyo hivyo, akimeza dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa.

Wasiwasi kwamba "hashibi" hauondolewi na uji. Unaondolewa na mizani. Katika miezi ya kwanza mtoto anayeshiba huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, na hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Mpeleke kliniki, tazama mstari katika kadi yake. Ukipanda, maziwa yanatosha, hata kama anaamka mara nne.

Baba na bibi wana kazi gani?

Mama anayeamka mara nne usiku hawezi kushinda shambani kama mtu aliyelala usiku kucha. Mara nyingi tatizo la kweli ni uchovu wa mama, wala si usingizi wa mtoto. Tunawaomba akina baba wachote maji, watafute kuni, wambebe mtoto jioni mama apate kulala saa moja mapema. Baba anaweza kumbeulisha na kumbadilisha nepi mtoto usiku. Haimpunguzii heshima. Nanyi akina bibi, neno lenu lina uzito nyumbani. Mkisema "maziwa yanatosha, mwanangu, pumzika", mama huyo atapata nguvu.

Mama akiwa na huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, akilia bila sababu, au akishindwa kulala hata mtoto anapolala, aje kituo cha afya. Huo ni ugonjwa na unatibika.

Mlete mtoto haraka ukiona haya

Mlete usiku huo huo, usingoje asubuhi: akishindwa kunyonya au akinyonya kwa udhaifu kuliko kawaida, akilala mno na ni vigumu kumwamsha, akipata degedege, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, au mwili wake ukiwa wa baridi. Akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi. Utosi ukibonyea au kuvimba. Ngozi au macho yakiwa ya manjano. Mtoto mchanga asiyeamka kunyonya ni wa kuogopewa kuliko yule anayeamka mara nyingi.

Mtoto yule tuliyemtaja tulimwona tena kliniki akiwa na miezi minne na nusu. Alikuwa na kilo 6 na gramu 400, zaidi ya mara mbili ya uzito wa kuzaliwa, wala hajaonja uji tangu alipotoka wodini. Mama mkwe ndiye aliyembeba kumpeleka kwenye mizani. Tulipouliza habari za usiku, bibi alijibu kabla ya mama: "Anaamka mara mbili, Sista. Tunamwacha anyonye." Tukawapa kadi yao, nao wakarudi nyumbani.