Cheni ya Pikipiki: Wakati wa Kukaza na Wakati wa Kubadilisha

Katika kata nyingi, pikipiki ndiyo inayomfikisha mjamzito zahanati, afisa ugani shambani na gunia la mahindi sokoni. Safari zote hizo hutegemea cheni inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma. Ikikatika mwendoni inaweza kujisokota na kulifunga gurudumu ghafla, au kupiga kasha la injini na kulipasua. Ni nadra, hata hivyo, cheni iliyochakaa kukatika bila kutoa dalili, na dalili hizo mmiliki au dereva anaweza kuzisoma mwenyewe.

Watu wengi husema cheni "imevutika". Kwa kweli chuma hakijavutika. Kila pingili huzunguka juu ya pini iliyomo ndani ya bushi, na vumbi, tope na ukosefu wa mafuta husaga pini na bushi hizo kidogo kidogo. Tuchukue cheni yenye pingili 120. Kila kiungo kikilika milimita 0.1 tu, cheni nzima hurefuka milimita 12, yaani karibu pingili moja kamili.

Hapo ndipo kosa la kawaida linapotokea. Cheni ikilegea, hukazwa kwa kurudisha gurudumu nyuma. Nafasi ya kukaza inapokwisha, hukatwa pingili ili cheni iwe fupi na kuendelea kutumika. Kukaza ni matunzo halali ya kila mara. Kukata pingili za cheni iliyolika ni jambo jingine: hakurudishi chuma kilichosagika, bali huficha uchakavu. Pingili zilizobaki ni zilezile dhaifu, na bado hazikai sawasawa kwenye meno ya sproketi.

Kabla ya kuamua, zima injini, weka gia huru, kisha fanya vipimo vitatu.

Cha kwanza ni cha rula. Pikipiki nyingi za biashara hutumia cheni yenye namba 428, ambayo kwa kawaida hugongwa ubavuni mwa pingili. Nyoosha cheni, hesabu pini 21, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya husoma milimita 254. Ikifika 259, imerefuka kwa takriban asilimia 2, nayo imekwisha. Rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 inatosha kwa kazi hii. Pima sehemu kadhaa, kwa kuwa cheni hailiki sawa kote.

Cha pili ni cha mkono. Shika cheni inapopita nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikiinuka kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, imechakaa.

Cha tatu ni cha macho. Meno mazima husimama wima na kufanana pande zote mbili. Meno yaliyochongoka, au yaliyolala upande mmoja kama ndoano, yamekwisha. Angalia pia pingili zilizokakamaa, zenye kutu au zenye ufa. Ufa mmoja unatosha kuikataa cheni yote.

Inapofika wakati wa kubadilisha, badilisha vyote vitatu: cheni, sproketi ya mbele na sproketi ya nyuma. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika husagika haraka, na fedha iliyookolewa leo hulipwa tena baada ya muda mfupi. Fundi anapofunga klipu ya kiungo, hakikisha upande wake uliofungwa unatazama mwelekeo ambao cheni inakwenda. Ikigeuzwa, inaweza kuchomoka.

Cheni mpya hudumu kwa matunzo. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, kisha ipake oili ya gia kila baada ya kilomita 500 hivi, na mapema zaidi wakati wa mvua au barabara za vumbi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai, kwa sababu hubeba masalia ya chuma. Ulegevu wa kawaida kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Usisafishe cheni injini ikiwa inanguruma. Vidole vingi vimepotea hivyo.

Wenye skuta watambue kuwa chombo chao hutumia mkanda wa mpira uliofichwa ndani ya kasha. Mkanda haupakwi mafuta. Hubadilishwa ukiota nyufa, ukichanika nyuzi, au upana wake ukishuka chini ya kipimo cha kitabu.

Mara nyingi uamuzi huu huchelewa kwa sababu haijulikani nani alipe. Dereva wa mkataba huona chombo si chake. Mwenye chombo huona uchakavu umetokana na dereva. Abiria haulizwi na yeyote. Ni vyema pande zote mbili ziandike ndani ya mkataba nani ananunua cheni na sproketi, na kwamba kipimo cha rula ndicho kitakachoamua lini. Vikundi vya vijana vilivyopata pikipiki kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri navyo viweke akiba ya vipuri kutoka kwenye hesabu ya kila siku. Pikipiki iliyolala gereji hailipi marejesho.