Mshipa, Kano na Neva: Istilahi za Goti la Mchezaji

Miongoni mwa maneno yanayowataabisha wafasiri wa habari za michezo na za tiba ni neno mshipa. Katika matumizi ya kila siku neno hili hubeba mambo mengi: njia ya damu, njia ya fahamu, uzi mgumu uungao mfupa na mfupa, hata ugonjwa wa ngiri. Mazungumzo ya barazani hayadhuriki kwa wingi huo wa maana. Habari ya kuumia goti hudhurika, kwa kuwa kila kimojawapo cha vitu hivyo kina wakati wake wa kutibiwa.

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako wanafunzi wa vyuo vikuu hucheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi, usiofaa kuitwa kandanda. Tarehe 1 Januari 2016, Jaylon Smith wa Chuo Kikuu cha Notre Dame aliumia goti la kushoto katika pambano dhidi ya Ohio State. Mfasiri akiandika kwamba “alikatika mshipa wa goti” atakuwa ameficha kiini cha habari. Kano zilichanika, naam. Lakini lililotia shaka zaidi ni neva iliyojeruhiwa hata akashindwa kuinua wayo. Timu ya Dallas ilimchagua mwaka huohuo katika duru ya pili. Hakucheza msimu wote wa 2016, akaingia uwanjani 2017. Kano hujengwa na mpasuaji. Neva iliyovutika mara nyingi hungojewa. Huota upya polepole, takriban milimita moja kwa siku, na kisu hakiiharakishi.

Neno kuteguka nalo lataka hadhari. Tarehe 27 Oktoba 2012 Marcus Lattimore wa Chuo Kikuu cha South Carolina aliteguka goti la kulia, mwaka mmoja tu baada ya kuumia la kushoto. Akastaafu 2014 bila ya kucheza hata mechi moja ya ligi ya kulipwa. Kwetu sisi kifundo cha mguu “kilichoteguka” hukandwa kwa maji ya moto, mambo yakaisha. Goti likiteguka, yaani mfupa wa paja ukiachana na muundi, madaktari huchunguza kwanza ateri ipitayo nyuma ya goti, maana ikiwa imekatika na damu isirudishwe katika muda wa saa chache, mguu waweza kupotea. Hapo ndipo upasuaji wa dharura ustahilipo jina lake.

Kuchanika kwa kano ya mbele peke yake si dharura. Mwaka 1991 daktari Donald Shelbourne na wenzake walionyesha kwamba magoti yaliyopasuliwa katika juma la kwanza yalikakamaa zaidi kuliko yaliyosubiri siku 21 au zaidi. Kwa hiyo madaktari wengi hungoja uvimbe upungue na goti liweze kunyooka. Tatizo ni kalenda. Msimu wa vyuo huanza mwishoni mwa Agosti, na kupona huchukua miezi tisa hivi au zaidi. Aliyeumia Oktoba huona kila juma la kungoja ni sehemu ya msimu ujao iliyoibwa. Mfasiri akiita kungoja huko “upasuaji ulioahirishwa”, msomaji atadhani pana uzembe. Twapendelea upasuaji wa baada ya uvimbe. Ni mrefu, lakini unaeleza sababu.

Limebaki neno kano lenyewe, ambalo latumika kwa kiunga mifupa na pia kwa kiunga msuli na mfupa. Kwa kawaida utatanishi huo huvumilika. Katika upasuaji huu hauvumiliki, kwa kuwa kano ya mbele iliyokatika kwa kawaida haishonwi, bali hujengwa upya kwa kipandikizi, ambacho huweza kutwaliwa katika kano za misuli ya nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe. Sentensi isemayo “kano ilitolewa ikawekwa mahali pa kano” haimfai mtu. Twapendekeza kano ya kiungo kwa ile ya kwanza na kano ya msuli kwa ya pili. Na kitenzi kiwe kujenga upya, wala si kushona.