Kopo lisomwe kabla ya kupakwa

Msafiri atokaye Unguja, akishateremka botini na kuvuka viwanja vya Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo, hukuta mitaa mizima ya maduka yaliyojaa vipodozi. Ndugu zetu wengi wa visiwani hununua hapo kwa jumla, na mzigo unaopakiwa leo hufika Michenzani na Chake Chake baada ya siku chache. Kwa hiyo uzembe wa duka moja la Kariakoo hauishii Kariakoo.

Wanunuzi siku hizi huuliza kama losheni imetiwa dawa za kuhifadhi. Swali ni la haki, ila halijatimia. Kitu chochote chenye maji huota kuvu na vijidudu kisipohifadhiwa, na losheni iliyovunda hudhuru ngozi na macho. Atakaye kuepukana na dawa hizo kabisa na achague kisicho na maji: mafuta ya nazi, mafuta ya ufuta, au sabuni ya kipande. Bibi zetu walisaga liwa na kuipaka siku ile ile; hawakuwa na haja ya kuihifadhi.

Dawa zenyewe hazilingani. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku parabeni za aina 5 katika vipodozi, lakini methilparabeni na ethilparabeni zikaruhusiwa kwa kiwango maalumu. Fomaldehaidi ilitangazwa mwaka 2004, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, kuwa huleta saratani kwa binadamu. Kusema kwamba zote ni sumu sawa ni kumpotosha mwananchi.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua unaopimwa kwa kijiko na kuuzwa katika kopo lisilo na maandishi. Humo huweza kuwamo haidrokwinoni au zebaki. Zebaki, ambayo zamani ilitumiwa hata kuhifadhi vipodozi, hupenya ngozi, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Dalili moja yafaa ijulikane na kila mama: maelezo yakionya kwamba kipodozi kisigusane na dhahabu au fedha, zebaki ishukiwe, kwani hushikamana na madini hayo. (Tunaogopea pete, uso hatuuogopei!) Mwaka 2023, huko Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kwamba utengenezaji na biashara ya vipodozi vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025.

Sheria hatukukosa. Bara ilitungwa ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na tangu 2019 vipodozi vimo mikononi mwa Shirika la Viwango. Zanzibar ina Wakala wake wa Chakula na Dawa. Wakaguzi ni wa pande mbili, ilhali mzigo ni mmoja na bahari ni ile ile. Viongozi wanaohusika hawana budi kuwa na orodha moja ya vipodozi vilivyokatazwa, kwa Kiswahili, ibandikwe bandarini Malindi na katika kila duka la jumla la Kariakoo. Na mnunuzi akipewa kopo lisilotaja mtengenezaji, viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi, alirudishe papo hapo kabla hajatoa fedha yake.