Gari moja la shamba na la mtoko: nunua lipi, kodi lipi?

Viazi vya Uporoto, nyanya za Ilula, parachichi za Rungwe na mpunga wa Mbarali vikishageuka pesa, kuna swali linalonifikia kuliko hata la mbolea: "Bwana shamba, nichukue gari gani?" Muulizaji huwa anataka gari moja lifanye yote: libebe mbolea, limpeleke shambani wakati wa tope, na Jumapili limtoe na familia mpaka Matema au Ruaha.

Hilo linawezekana. Ila kwanza tuelewane jambo moja ambalo wengi wanalikosea: gari utakalonunua si gari la mavuno. Ukilichagua kwa kufikiria siku ya kuvuna, utanunua kubwa kuliko mfuko wako. Ukilichagua kwa kufikiria siku ya mtoko, utanunua zuri lisilofika shambani.

Piga hesabu ya mzigo kwanza

Tuseme umelima ekari mbili za viazi, umepata magunia 100 ya kilo 100. Hizo ni tani 10. Shamba liko kilomita 25 kutoka lami, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kilomita 50.

Pikapu nzuri kama Hilux hubeba kama tani moja. Utaenda mara 10, sawa na kilomita 500 za barabara mbovu, na dereva amechoka. Canter ya tani tatu na nusu inamaliza kazi hiyo kwa safari tatu, kilomita 150. Sasa nani anunue pikapu ili ahamishe mavuno? Siku ya kuvuna kodi Canter au Fuso, lipa, aondoke zake. Ni siku chache tu kwa mwaka.

Na hapa naongelea gunia la halali. Lumbesa linaweza kuzidi kilo 100 kwa mbali, kwa hiyo ukihesabu "magunia kumi tu" huku ni lumbesa, umeshazidisha mzigo kabla hujawasha gari. Wakala wa Vipimo wanalikataza, na springi za gari lako nazo zinalikataa.

Kazi halisi ya gari lako ni hizi za kila wiki: mifuko ya mbolea, mbegu, pampu ya maji, mabomba, vibarua wawili watatu, kreti chache za sampuli kwa mnunuzi, na wewe mwenyewe kukagua shamba. Chagua gari kwa kazi hizo.

Magari yaliyopo sokoni, na yanachoweza

*Kirikuu.* Suzuki Carry na ndugu zake wa Kijapani wenye injini ya cc 660. Kule yalikotengenezwa yamepimwa kubeba kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya mbolea ya kilo 50, basi. Linanusa mafuta tu, spea zipo kila kona, fundi yeyote analijua. Kwa mwenye bustani ya mboga karibu na Uyole au Mbalizi, kirikuu linatosha kabisa. Ila kwenye cabin mnakaa wawili, kwa hiyo mtoko wa familia hapo hakuna.

*Pikapu ya singo kebini.* Bodi lake lina urefu wa kama mita 2.3, mabomba na mbao vinalala vizuri. Kwa kazi tupu ya shamba hakuna kinachoizidi kwa bei. Tatizo ni lile lile: mke na watoto watakaa wapi? Jibu lisiwe "nyuma". Abiria juu ya bodi ni hatari, na askari wa usalama barabarani wakikukamata huna pa kujitetea.

*Pikapu ya dabo kebini.* Watu watano ndani, mzigo nyuma. Bodi linapungua mpaka kama mita 1.5, lakini uzito unaobebeka unabaki karibu tani moja, yaani mifuko 20 ya mbolea ukiipanga vizuri. Hili ndilo gari la watu wengi wanaoniuliza swali hili.

*Land Cruiser pikapu.* Ngumu, haichagui njia. Lakini bei yake na mafuta yake ni vya mtu mwenye ekari nyingi au mwenye kazi nyingine ya kuilipia. Usiinunue kwa sababu jirani anayo.

*Noah, RAV4, Harrier, Prado.* Haya ni magari ya watu. Yanabeba mzigo, ndiyo, ila hapa nasema kama afisa ugani: viuatilifu na familia havikai chumba kimoja. Chupa ikivuja kwenye zulia la Noah, mvuke wake unabaki siku nyingi, na mtoto anaukalia. Ukiwa na pikapu, sumu inakaa nyuma, kwenye boksi lililofungwa, mbali na chakula, na kebini inabaki safi. Hata kama hutasikia ushauri mwingine wowote wa leo, sikia huu.

Milima yetu si ya Dar

Gari lililosifiwa na binamu yako aliyeko Mbagala linaweza kukuangusha huku. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni mwinuko. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo ni kama mita 2,600. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukiwa Kitulo umeshapoteza kama robo. Injini ndogo yenye mzigo, kwenye mpando wa Uporoto, itakuambia ukweli. Dizeli yenye turbo inastahimili zaidi.

Ya pili ni tope. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Huo ndio wakati wa kupanda, kupalilia na kupulizia, yaani wakati unaohitaji gari kuliko wote. Shamba lako likiwa nje ya lami kule Kilolo, Mufindi, Rungwe au Umalila, tafuta gari la 4WD lenye gia ndogo. Kwenye udongo mweusi wa Usangu hata hilo pekee halitoshi. Tairi za tope ndizo zinazookoa. Shamba likiwa kando ya lami, 4WD ni gharama ya bure: inaongeza uzito, mafuta na vitu vya kuharibika.

Ongeza na kushuka. Kama unapeleka mzigo Dar, Kitonga inakusubiri. Gari lenye mzigo linashushwa kwa gia, siyo kwa kukanyaga breki mwanzo mpaka mwisho. Breki zikipata moto hazishiki.

Na mtoko je?

Kitulo, ile Bustani ya Mungu, inachanua wakati wa mvua, na ndipo njia inapokuwa mbaya. Ruaha wanyama wanaonekana vizuri wakati wa kiangazi, Juni mpaka Oktoba, ambapo wengi mmeshavuna na mna nafasi. Matema na Ziwa Ngosi ni safari za wikiendi kwa mtu wa Mbeya. Gari linaloweza njia ya shamba lako Februari linaweza safari zote hizi. Mtoko hauhitaji gari la pili.

Kinachohitajika ni vitu vidogo: turubai zuri la kufunika bodi, kamba imara, tairi la akiba lenye upepo, na tabia ya kuosha bodi kila baada ya kubeba samadi au dawa. Kumbuka pia kwamba pikapu tupu inaruka kwa sababu springi zake ni za mzigo. Hizo hizo ndizo zinazopondaponda parachichi ukibeba kreti mbili tatu. Endesha taratibu, panga kreti mbele karibu na kebini, na usijaze upepo wa mzigo mzito wakati hubebi kitu.

Gharama baada ya kununua

Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari la kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 1,500. La kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 1,000. Tofauti ni lita 500 kila mwaka. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu, halafu jiulize hiyo ni mifuko mingapi ya mbolea.

Ukiagiza Japani, bei ya mtandaoni si bei ya gari. Kuna usafiri, bandari, ushuru na VAT ya asilimia 18, na gari likiwa na umri mkubwa kodi inapanda. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, kitumie kabla hujatuma hata senti. Ukinunua la hapa kwa mtu, linganisha namba ya chasisi na kadi, angalia deni la faini kwa namba ya gari, ingia chini utazame kutu ya chasisi hasa zinaposhikia springi, na hamisha umiliki mara moja. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa dalali.

Bima ndogo inalipa uliyemgonga; gari lako hailigusi. Na ukianza kubebea watu mizigo kwa malipo, hiyo ni biashara ya usafirishaji, pata leseni ya LATRA.

Pesa itoke wapi

Hapa ndipo vijana wengi wanapoanguka. Msimu mmoja mzuri, gari linanunuliwa, halafu Oktoba hakuna hela ya mbegu wala mbolea. Kinachofuata ni mkopo wa kausha damu, na kadi ya gari inaenda kuwa dhamana.

Utaratibu wangu ni huu: kabla ya kugusa gari, tenga pembejeo za msimu ujao, vibarua mpaka kuvuna, na akiba ya msimu mmoja bei ikianguka. Kinachobaki ndicho bajeti ya gari, pamoja na matengenezo ya miezi sita ya mwanzo. Kisitosha dabo kebini, chukua kirikuu au endelea kukodi. Shamba lenye mbolea na bila gari litakununulia gari mwakani. Gari bila mbolea halitakununulia shamba.