Mbuzi Imeliwa, Doo Haijaingia: Venye Flask Hupokea M-Pesa na Pahali Nilichomeka

Wacha nianze na aibu yangu, ndio ujue hii stori haijatoka kwa kitabu.

Kuna joint ya nyama hapa Kamakis ilinipea kazi. Unajua venye hii laini ya Eastern Bypass hukuwa Jumamosi jioni: ndai zimepaki hadi kando ya lami, moshi wa choma kila mahali, weita mmoja anakimbizana na meza nane. Mathe mwenye joint alitaka kitu simpo. Mteja akae, afungue menyu kwa simu yake, achague nyama, alipe na M-Pesa, oda itokee kwa skrini ya jikoni. Nikamwambia, "Mathe, hiyo nipe wiki mbili." Campo niliachana nayo, lakini Python hatukuachana.

Jumamosi ya kwanza, meza ya 6 ikaitisha mbuzi kilo mbili, ugali na kachumbari. Skrini ikaandika IMELIPWA. Nyama ikatoka. Wasee wakamanga, wakanawa mikono, wakaingia ndai, wakaishia. Saa tano usiku mathe anapiga hesabu, anapata shimo la 2,600. Hakunipigia kelele. Aliniita pembeni akaniuliza polepole, "Kijana wangu, hii mashine yako inajuaje mtu amelipa?"

Swali poa sana hilo. Jibu lake liko kwa venye seva hupokea maombi, so tuanzie hapo.

Kila kitu simu yako hufanya kwa wavuti ni ombi la HTTP. Ombi hubeba vitu kadhaa, lakini leo shika tatu. Kuna njia, kama /menyu ama /oda/14. Kuna kitenzi: GET ni "nionyeshe", POST ni "shika hii". Halafu kuna mzigo, yaani data yenyewe, ambayo mara nyingi huja na POST. Seva ikimaliza hurudisha jibu lenye namba. 200 ni fiti. 404 ni "hiyo njia siijui". 500 ni "kodi yangu imeanguka" (kodi ya kompyuta, si ile ya landilodi).

Flask ni fremuweki ya Python, yaani kiunzi: kazi ya kupokea maombi na kuyagawa imeshaandikwa, wewe unaongeza mambo yako. Iliandikwa na Armin Ronacher, msee wa Austria, na ilianza kama mzaha wa sikukuu ya wajinga, Aprili 1, 2010. Mzaha wake sasa unanilipia nyumba. Cheki:

@app.route("/oda/<int:namba>")
def onyesha_oda(namba):
    return tafuta_oda(namba)

Ile laini ya juu ndiyo kugawa njia. Unaambia Flask: mtu akikuja na /oda/ na namba mbele, mpeleke kwa hii fankisheni, na hiyo namba umpatie. Ni kama yule msee wa mlangoni kwa joint. Yeye hachomi nyama, hapimi kilo. Anakusikiza tu, halafu anakuonyesha bucha iko upande gani na choo iko upande gani. Ukiitisha /oda/mbuzi, Flask itakurudishia 404, juu umesema int na "mbuzi" si namba. Fankisheni yako hata haitaamshwa.

Hapo kila mtu huelewa. Ngori huanza kwa malipo, juu sasa mlango wako unagongwa na watu wawili tofauti.

Mteja akibonyeza LIPA, seva yako inatuma ombi kwa Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Hapo hapo Daraja inajibu na ResponseCode 0. Wakati huo huo simu ya mteja inatokea kale kaboksi ka kuitisha PIN. Sasa skia vizuri: ile 0 inamaanisha ombi lako limepokelewa. Basi. Mteja bado hajaweka PIN. Anaweza kuwa anaicheki tu akicheka na mbogi yake. Mimi niliona 0 nikaandika IMELIPWA. Meza ya 6 walibonyeza cancel na wakamanga mbuzi ya bure. Sijui kama walikuwa wajanja ama walidhani imeingia, na mathe hakutaka kujua.

Jibu la ukweli huja baadaye, na haliji kwa mlango uliotokea. Mteja akishaweka PIN, akikataa ama akinyamaza, Safaricom ndio hugonga mlango wako na POST, kwa anwani uliyowapa ukituma ombi la kwanza. So lazima uwe na njia inawangoja:

@app.route("/malipo", methods=["POST"])
def pokea_malipo():
    jibu = request.get_json()["Body"]["stkCallback"]

Ndani ya huo mzigo kuna ResultCode. Hii ndiyo 0 ya pesa. Ukipata 1032, mteja amekataa. Ukipata 1, akaunti yake haina doo ya kutosha. Pia kuna CheckoutRequestID, ile ile uliyopewa mwanzo. Ukiwa uliiweka kwa databezi pamoja na oda, utajua hii pesa ni ya meza gani. Ukiwa hukuiweka, pole, una pesa na hujui ni ya nani.

Kuna vitu vitatu vilinitesa hapa, na nimeona wasee wengi wa Juja na Ruiru wakiteswa navyo.

Hiyo methods usipoiandika, Flask hukubali GET peke yake kwa hiyo njia. Safaricom wakikuja na POST wanapewa 405, yaani njia iko lakini hicho kitenzi hatukitaki. Wewe umekaa unangoja ujumbe na mlango umeufunga mwenyewe. Kinyume chake pia huchanganya: ukiiandika vizuri, halafu ufungue /malipo kwa brauza, utaona 405 na upanik. Usipanik. Brauza imetuma GET. Hiyo 405 ni ishara umefunga vile inafaa.

Ya pili ni mkwaju wa mwisho. Kwa Flask, kama umeandika "/malipo" na umewapa Safaricom anwani inaishia "/malipo/", hiyo ni 404. Mkwaju mmoja tu. Ilinila usiku mzima.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi juu ukitesti na pesa yako huioni. Malipo yakiingia, mzigo huwa na CallbackMetadata: kiasi, namba ya risiti, namba ya simu. Mteja akikataa, hiyo sehemu haiko. Kodi yangu ilikuwa inakimbilia kusoma kiasi kabla ya kucheki ResultCode. So kila mteja akikataa, seva inatapika 500, na oda inabaki ile hali ilikuwa. Yenye ilikuwa IMELIPWA. Unaona venye makosa mawili madogo yalishikana mikono?

Soma ResultCode kwanza. Kama si 0, andika HAIJALIPWA, rudisha 200, maliza. Kama ni 0, cheki kwanza hiyo oda haijawekwa kuwa imelipwa, juu ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili na hutaki jikoni wachome mbuzi mbili. Na usifanye kazi ndefu hapo ndani. Hifadhi, jibu haraka, mambo ya kuchapisha risiti fanya pembeni.

Halafu kuna kitu mafunzo mengi ya YouTube huruka. Ile /malipo iko kwa intaneti wazi. Msee yeyote mwenye kuijua anaweza kuituma POST yake mwenyewe na ResultCode 0, na Flask haitamuuliza kitambulisho. Kazi yake ni kugawa njia, si kujua nani ni nani. Mimi sasa ujumbe ukifika, siuamini hivyo tu. Nairudia Daraja na ile CheckoutRequestID, nauliza hii kitu imelipwa kweli? Wakisema ndio, ndio jikoni inaona oda.

Ile 2,600 nilikatwa kwa malipo yangu ya mwisho, na sikubishana. Skrini ya jikoni siku hizi huandika INANGOJA M-PESA kwa rangi ya chungwa hadi ujumbe wa kweli ufike, halafu inageuka kijani. Mathe bado hutuma weita acheki simu ya till kabla mbuzi itoke.