Milima ya Merigi yangoja mchoraji wake

Picha za mashamba ya chai ya Kericho na Bomet hazihesabiki. Ziko kwenye kalenda, kwenye pakiti za majani na kwenye kuta za hoteli, na karibu zote zinafanana: kijani kimetandazwa kilima hadi kilima, mbingu juu, mtu hayumo. Mkazi wa Merigi, hapa Bomet, akiitazama picha kama hiyo anaitambua nchi yake lakini hajioni ndani yake. Haoni kituo cha kupimia majani, haoni njia ya mtoni, wala haoni wanaofanya hayo mashina yawe sawasawa namna ile.

Yupo mchoraji wa Afrika Mashariki aliyeliona pengo hili mapema, na naamini kila kijana wa huku anayependa kuchora anafaa kumjua. Ni Sam Joseph Ntiro. Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nchi ya mvua, ukungu, migomba na kahawa. Mtu wa Merigi akishukia Machame hatajihisi mgeni sana: ni kilimo kile kile cha mteremkoni, baridi ile ile ya alfajiri, boma zile zile zilizojificha nyuma ya majani.

Mwaka 1944 Ntiro aliingia Chuo cha Makerere, Kampala, akasomea sanaa kwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake miaka ya thelathini. Trowell hakuwalazimisha wanafunzi kunakili kazi za Ulaya. Aliwasimulia tukio la maisha ya kawaida, kisha akawaacha wachore walivyoliona akilini. Alichokiona Ntiro akilini kilikuwa kwao Uchaggani, na hakukiacha mpaka alipofariki mwaka 1993.

Kati ya 1952 na 1955 alisoma Slade, shule ya sanaa yenye jina kubwa jijini London. Angeweza kurudi akichora kama Mzungu, kwa vivuli na vipimo vya darasani. Alirudi akichora vile vile alivyokwenda. Wapo waliodhani huo ni uchanga. Mimi naona ulikuwa uamuzi, tena wa mtu aliyekwisha kuyaona mengine yote.

Tazama namna anavyoipanga nchi yake. Mlima haukai mbali kama pazia la nyuma, unapanda hadi ukingo wa juu wa turubai, na mashamba yanapanda nao. Majani ya mgomba yamechorwa moja moja, kwa subira. Watu ni wadogo, ni wengi, na hakuna anayejitokeza kwa sura yake; wanakata miti, wanavuna, wanabeba mizigo, kila mmoja yumo kazini. Mchoro wake unaofahamika zaidi, wa mwaka 1956, unaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na leo umehifadhiwa katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Pombe hiyo ni mbege, ya ndizi na ulezi, ambao sisi huku tunauita wimbi. Shughuli ya ukoo mmoja wa mlimani imefika New York bila mchoraji kuibadilisha ili impendeze mgeni.

Maisha yake mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha wa Uganda, msomi wa Oxford. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 aliiwakilisha London kama balozi, hadi 1964, kisha akarejea kushughulikia utamaduni serikalini na kufundisha sanaa Dar es Salaam. Hakuacha kuchora.

Mbegu hiyo ya Makerere iliota Kenya pia. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kwenye mlima ule ule, alimaliza mwaka 1959 michoro mitano ya ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, akayaweka maisha ya Yesu katikati ya vilima vya Wakikuyu. Murang'a wana ukuta wao. Sisi je?

Swali hili si la mapambo. Nchi ya chai haikuzaliwa tupu kama inavyoonyeshwa kwenye kalenda. Wakipsigis walihamishwa ili mashamba makubwa yapandwe, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwafukuza jamaa wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Mchoro wa vilima hivi usio na watu unaendeleza kimyakimya kazi iliyoanzwa na ukoloni.

Na kuna linalotukimbia sasa hivi. Nenda shambani asubuhi umwangalie mchumaji. Amejifunga nailoni kiunoni umande usimloweshe. Ameulaza ufito mrefu juu ya mashina, na kinachochomoza juu yake ndicho anachokichuma: majani mawili na chipukizi. Vidole havitulii, na ngumi ikijaa anairusha nyuma ya bega, kikapuni, bila kugeuka. Katika mashamba makubwa mashine zinaishika kazi hii, na Mei 2023 hasira za vibarua zilifikia kuzichoma moto baadhi yake huko Kericho. Ufito ule na mkono ule huenda watoto wetu wasiukute. Ntiro angeuchora.

Kipaji peke yake hakitoshi; kinahitaji mwalimu na mnunuzi. Huko Catalonia, Hispania, mji wa milimani wa Olot ulikuwa na shule ya kuchora tangu mwaka 1783. Mchoraji Joaquim Vayreda, aliyefariki mwaka 1894, alikaa pale pale akachora mabonde ya kwao, na mwaka 1880 yeye na wenzake walianzisha karakana ya sanamu za kanisani iliyowapa mafundi wa mji kazi ya kulipwa. Ntiro naye alimpata mwalimu, na baadaye wanunuzi. Kijana wa Merigi anayeandika mabango ya maduka kwa mkono mzuri hana mwalimu wala mnunuzi.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Naiomba Kaunti ya Bomet inunue kila mwaka michoro ya vijana wake inayoonyesha nchi hii pamoja na watu wake, na kuitundika mahali pa umma ambapo mkulima anaingia bila kulipa. Viwanda vya chai navyo vibadilishe picha za kalenda zao. Nawe mzazi, bonasi ya chai ikiingia na mtoto akakuomba rangi na brashi, mnunulie.