Asili ya Gitaa na Chupa: Kutoka Uani Bungoma Hadi Kitale

Watu wengi wasikiapo gitaa la kizamani la Magharibi ya Kenya, na mlio wa chupa ukilifuata, hudhani ya kuwa ni mchezo wa mjini uliobuniwa na vijana walevi. Sivyo. Asili yake ni uani, katika nyumba za wakulima.

Huko Bungoma Wabukusu wana litungu, chombo cha nyuzi saba. Bakuli lake huchongwa katika mti na kuwambwa ngozi. Nyuzi zamani zilikuwa mishipa ya wanyama, siku hizi ni za nailoni. Kijana alijifunza kwa kukaa karibu na baba au mjomba wake, akitazama vidole, mpaka siku alipoachiwa ashike chombo mwenyewe. Ndugu waliitikia, mpigaji akavaa njuga mguuni, na wengine wakacheza kamabeka, yaani ngoma ya mabega. Bendi ilikuwa jamaa wenyewe. Arusini walisifu ukoo. Matangani walimtaja marehemu pamoja na babu zake. Kwa hiyo mpigaji asiyejua nasaba za watu hakufaa, hata vidole vyake vikiwa vyepesi namna gani.

Ndipo jamaa zikatawanyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza masetla wengi walipewa mashamba katika Trans Nzoia, kuuzunguka mji wa Kitale, na Wabukusu wengi wakaenda kukaa huko kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Mpigaji aliyehamia huko alitafuta waitikiaji miongoni mwa majirani wa kambini, ambao babu zao hakuwajua. Basi awasifuje? Akaimba habari za mshahara, za safari, na za wasichana. Misheni ya Friends, iliyoanza Kaimosi mwaka 1902, nayo ilikataza pombe na ngoma, na muumini aliyependa muziki alibaki na nyimbo za kanisani.

Gitaa lilipofika halikuwa geni kabisa. Lilichezwa kwa kidole gumba na cha shahada, likirudiarudia maneno mafupi kama litungu, na mwenzi mmoja akigonga chupa ya soda kwa kipande cha chuma mahali pa njuga. Mtindo huo huitwa omutibo, na aliyeutangaza sana ni George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963.

Baada ya uhuru jamaa nyingi za Kibukusu zilinunua mashamba Trans Nzoia. Lakini kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, wakati wa jando, mvulana wa Kitale hana budi kumwendea mjomba wake, mara nyingi Bungoma, akipiga kengele zake mikononi, na kundi zima likimwimbia njiani.